Kiwanja cha kuchezea cha chekechea yetu: kilichokubali, kilichogoma na hela ilikoenda

Hii ni kwa walimu wenzangu wa watoto wadogo, hasa nyie wa kanda ya ziwa mlio na eneo dogo, mawe mengi na hela ya mawazo. Nitakuwa naongeza kadri kila hatua inavyoisha. Bei zote ni za hapa Mwanza mwaka 2025 na ni baada ya kuombana sana punguzo, ukienda na aibu utalipa zaidi.

25 Januari 2025: tulipo

Shule iko mlimani huku Nyegezi, ukisimama getini unaliona ziwa. Watoto 58, wa miaka mitatu na nusu mpaka sita, madarasa mawili. Walimu tuko watatu na dada mmoja wa usafi ambaye kiukweli ni mwalimu wa nne, wanamlilia yeye kuliko sisi. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, kwa hiyo hapo tuko sawa.

Ndani, madawati yamepangwa mistari na chati za a e i o u zimebandikwa juu kiasi kwamba mtoto anasoma dari. Mtaala wa elimu ya awali wenyewe unasema watoto wajifunze kwa michezo na darasa liwe na kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa kila moja na vitu vyake vya kuchezea, ila kona zetu zilikuwa zinaishi kwenye andalio la somo tu, mkaguzi akija zinachomolewa, akiondoka zinarudi kabatini.

Nje ni mteremko na katikati kuna jiwe, lile la Mwanza hasa, urefu wa mtu mzima na upana wa kosta. Mwenye shule anataka lipasuliwe. Wapasua mawe walishakuja, wanawasha moto juu yake mpaka lipate ufa ndio wanapiga nyundo, wametaja 350,000 na kokoto wabaki nazo wao. Tumeomba lisubiri kwanza.

Hela iliyopo: michango ya wazazi 1,100,000 na mwenye shule kaongeza 700,000. Jumla 1,800,000.

8 Februari: vya dukani

Tulianza na kilichoonekana ni rahisi, tukaenda mjini tukanunua mtelezo wa plastiki na farasi wawili wa kubembea, 420,000. Kwenye picha za kuwatumia wazazi vilipendeza mno.

Sasa hesabu yake iko hivi. Mtelezo unapanda mtoto mmoja kwa wakati mmoja, unateleza kwa namna moja, basi. Wengine ishirini wako kwenye foleni na foleni ya watoto wa miaka minne ni ugomvi unaosubiri dakika. Afu ikifika saa nne jua limeshaushika, plastiki inaunguza mapaja, tunaufunika na khanga iliyoloweshwa. Farasi mmoja kavunjika sikio. Na kuanzia saa nne na nusu kiwanja chote kinakuwa kitupu, hata jiwe lenyewe huwezi kukaa, watoto wote wamejibana kwenye kibaraza upande wenye kivuli, pale ndio wanacheza kwa raha zao na vifuniko vya soda walivyookota.

Hilo la kibaraza ndilo lililobadilisha mpango mzima. Kama unasoma hapa tu na huendi mbele: kivuli kwanza, sehemu ya kuhifadhia vitu pili, vitu vyenyewe mwisho.

1 Machi: kivuli

Neti ya kivuli, ile nyeusi ya vitalu vya miche, mita 20 kwa 6,000 ni 120,000. Mirunda 8 kwa 5,000, saruji mifuko mitatu kwa 18,000, ujira wa fundi 60,000. Jumla 274,000.

Ikadumu mpaka upepo wa kwanza wa kutoka ziwani. Wenzetu wa mlimani mnaujua, unakuja jioni na mawingu meusi, hauna hodi. Fundi alikuwa ameifunga neti kwa waya wa kufungia nondo moja kwa moja kwenye kona, waya ukakata neti kama kisu na asubuhi tumeikuta inapepea kwa jirani.

Aliyetuokoa ni baba wa mtoto mmoja, ni mvuvi. Alikuja kumchukua binti yake, akaiangalia neti akacheka. "Madam, hii mmeifunga kama mnafunga mbuzi." Kesho yake kaja na sindano ya kushonea nyavu na kamba ya nailoni, akazungusha kamba pembeni mwa neti yote, anashona kila baada ya kiganja, ili ikivutwa nguvu iingie kwenye kamba isiingie kwenye neti. Afu akaiacha ilegee kidogo katikati badala ya kukaza. Akatuachia na fundo la kufungua kwa mvuto mmoja upande wa ziwa, mawingu yakianza kujikusanya dada anavuta, neti inashuka. Kamba 22,000, ujira alikataa akasema mpeni chai.

Tangu hapo watoto wako nje mpaka saa sita. Neti inapita juu ya nusu ya jiwe pia, na jiwe likiwa kivulini ghafla limekuwa ndio kitu kinachopendwa kuliko vyote: wanapanda, wanateleza upande uliolainika, wanachora kwa mkaa. Mwenye shule hajalitaja tena suala la wapasua mawe. Tulichofanya pale ni kuziba nyufa za chini kwa mawe na saruji iliyobaki kwa sababu ya nyoka, na upande wenye ncha tukauzungushia matairi. Nyufa za juu tumewaachia mijusi, wale madume yenye kichwa chekundu na mwili wa bluu ambao mawe ya huku yamejaa. Darasa la wakubwa wanawahesabu kila asubuhi na wanabishana kuhusu nani mume wa nani.

Matairi 12 tulipewa bure na gereji. Chagua yasiyochomoza waya, pitisha mkono na kitambaa ndani, kitambaa kikinasa liache. Na toboa matundu chini kwa drili kabla hujayalaza, tairi likibaki na maji ya mvua mbu wanatoka ndani ya wiki moja au na siku chache. Usafiri 15,000, kukodi drili 10,000.

22 Machi: mchanga, na mvua

Tipa la kwanza la mchanga, 80,000, lilikuwa la ovyo. Mkavu ulionekana mzuri, mvua iliponyesha ukawa tope, yaani watoto walirudi nyumbani kama wamekandika nyumba. Kipimo cha mafundi tulikijua baadaye: chukua chupa ya maji isiyo na rangi, weka mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa, acha ikae. Mchanga unatua chini haraka, udongo unatua taratibu juu yake kama tabaka. Tabaka likiwa nene, mwambie dereva ageuze. Tipa la pili tulilipima pale pale getini, 95,000, safi, chembe kubwa kubwa.

Sehemu pia ilikuwa shida. Tuliuweka karibu na mlango wa darasa ili mwalimu aone kwa urahisi, matokeo yake mchanga ukahamia ndani, kwenye uji, kwenye vitabu, kwenye godoro la kulala mchana. Tukauhamishia chini ya neti upande wa pili wa jiwe. Mvua ya Machi ikaja ikauteremsha wote kwenye mtaro wa barabara. Mteremko huo jamani.

Ndipo tukaita fundi wa mawe, akajenga ukingo wa nusu duara kwa mawe tuliyonayo hapo hapo, na juu yake akachimba mtaro mdogo wa kuyakwepesha maji kabla hayajafika kwenye mchanga. Fundi 50,000, saruji mifuko miwili 36,000. Ukingo umegeuka benchi. Watoto wanaupika "ugali" juu yake siku nzima.

Usiku tunafunika na turubai la zamani, sio kwa ajili ya mvua ila kwa ajili ya paka. Paka wa Nyegezi wanaamini mchanga wowote ni choo chao.

12 Aprili: matofali ya mbao

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanaagiza bila kuelewa.

Matofali ya mbao ya kujengea yana mpango wake, wa mwalimu wa Marekani Caroline Pratt, wa mwanzoni mwa karne iliyopita na bado haujapitwa. Tofali la kawaida lina urefu mara mbili ya upana, na upana mara mbili ya unene. Kama sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5. Halafu kuna nusu yake, na la mara mbili yake. Siri yote iko hapo: nusu mbili zikisimama pembeni ya zima moja lazima zilingane kabisa. Mtoto anajenga ukuta, anakosa zima, anaweka nusu mbili, ukuta umekaa. Hajui kama amefanya hesabu ya sehemu, ila amefanya.

Karakana moja ilituuzia vipande vya paina vya mabaki kwa 30,000. Seremala akakata kwa 50,000. Tukavimwaga sakafuni, watoto wakajenga, mnara unaanguka ukifika magotini, wanaanza upya, unaanguka. Siku ya pili wakaacha wakavitumia kama simu. Tukakaa chini tukavipima kimoja kimoja. Nusu mbili zilikuwa fupi kuliko zima kwa kama milimita tatu, na si kwamba seremala ni mzembe, msumeno nao unakula mbao. Alichukua kipande cha sentimita 14 akakikata katikati apate mawili ya 7, kumbe unga wa msumeno umeondoka na upana wa meno yake.

Suluhisho ni rahisi ila lazima umwambie kabla: usigawanye kipande, pima kila tofali peke yake. Safari hii seremala mwingine alipigilia kizuizi kwenye meza ya msumeno, anasukuma mbao mpaka igote, anakata, anasukuma tena. Kizuizi kimoja cha 7, kingine cha 14, kingine cha 28. Kabla ya kuondoka pale alisimamisha nusu nne na mazima mawili pamoja akapitisha kidole juu. 65,000. Msasa wa 80 halafu wa 120 tulipiga wenyewe walimu, 12,000 kwa karatasi zote. Rangi hatukupaka. Yakichafuka yanafutwa na kitambaa chenye unyevu, na mtoto mdogo anayeweka kila kitu mdomoni anaonja paina tu. Yaliyoharibika ya mwanzo yanafaa kwenye mchanga.

3 Mei: kona na makabati

Madawati tumeyatoa kwenye mistari tukayagawa, mengine yamekuwa meza za kona. Makabati mafupi ya pande zote wazi, urefu wa kifua cha mtoto wa miaka minne, plaiwudi 3 kwa 62,000, na fundi pamoja na gundi na misumari 90,000. Jumla 276,000. Wenzangu waliona ni nyingi kwa "rafu tu". Ila bila rafu kila kitu kinaishi kwenye gunia, gunia linamwagwa, mwalimu anaokota.

Kwenye kila nafasi tumebandika picha ya kitu kinachokaa hapo, imekatwa kwenye boksi lake au imechorwa. Mtoto asiyejua kusoma anarudisha mwenyewe. Na tunatoa nusu tu ya vitu, nusu iko stoo, tunabadilisha kila baada ya wiki mbili hivi. Tulipotoa vyote kwa mpigo, kona zote zilikuwa soko la Jumapili, watoto wanarukaruka hawakai kwenye kitu.

Kona ya vitabu tuliiweka jirani na ya matofali, haikuchukua muda kuona kwamba haiwezekani, mnara ukianguka msomaji analia. Imehamia pembeni kwenye mkeka, mbali na mlango.

Inayojaa kuliko zote ni soko la dagaa. Mzani wa kizamani uliokufa, makopo, sado, beseni, magazeti ya kufungia, khanga mbili. 48,000 pamoja na vitu vya kona ya nyumbani. Dagaa wenyewe tulileta wa kweli na asubuhi ya pili hapakuwa na dagaa, paka wale wale. Sasa dagaa ni majani makavu ya mwarobaini, umbo ni lile lile na yako bure chini ya mti. Wanapima kopo, wanajaza kilele, mteja anadai nyongeza. Mtoto mmoja ambaye ubaoni hafiki kumi, hapo sokoni ukimpunguzia chenji anakusimamisha mbele za watu.

Tahadhari moja: vifuniko, mbegu na kokoto. Kipimo cha kimataifa cha vitu vya kuchezea ni kibomba chenye upana wa milimita 31.7, kinachoingia chote humo hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Sisi tunatumia kiini cha karatasi ya chooni ambacho ni kikubwa kidogo, ili tukikosea tukosee upande wa usalama. Wadogo wa wanafunzi wetu, wanaokuja na dada zao asubuhi, wana kapu lao. Kete za mdako, ambao bibi mmoja wa mtoto alijitolea kuja kufundisha, zinakaa juu na zinashushwa kwa wakubwa tu.

17 Mei: maji

Kila mtu anajua watoto wanapenda maji. Beseni, chupa zilizokatwa, faneli, kitu kinachoelea na kinachozama, mambo yamekwisha. Shida ni maji yenyewe. Bomba likikata, wa jirani wanachota ziwani, na siku moja maji hayo yaliishia kwenye beseni letu.

Kichocho cha huku hakihitaji unywe maji. Vijidudu vinatoka kwenye konokono vinaingia kwa kupenya ngozi, na mtoto mwenye mikono kwenye beseni nusu saa ndio anayetafutwa. Vikishatoka kwenye konokono vinaishi si zaidi ya siku mbili hivi. Kwa hiyo utaratibu wetu: beseni la michezo ni maji ya bomba au ya mvua. Ikibidi ya ziwa, yanachujwa kuhakikisha hakuna konokono, yanakaa kwenye simtanki lililofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuguswa, na tanki lina tarehe kwa chaki. Hela haijatoka hapa, tanki lilikuwepo. Mchana beseni linamwagwa kwenye migomba, halilali na maji.

31 Mei: kikao cha wazazi

Tulijua kinakuja. "Madam, mimi nalipa ada mtoto akauze majani?" Na mwingine: mtoto wa jirani yuko shule fulani ameshajaza daftari mbili, wa kwangu daftari jipya.

Tulijaribu kwanza kueleza. Tukataja kwamba Sera ya Elimu ya 2014 ndiyo iliyoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima na kwamba mtaala unataka michezo, watu wakaitikia kwa adabu na sura zikabaki vile vile. Sera haimsaidii mtu anayetaka kuona daftari.

Kilichofanya kazi kidogo ni kuwakaribisha wakae kwenye kona wakati watoto wapo. Mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni alikaa sokoni kwetu akauziwa na mwanae, akampunja makusudi, mtoto akagoma. Mama akageuka akawaambia wenzake kwa Kisukuma, wakacheka wote, na mambo ya daftari yakapoa kwa siku hiyo. Sio wote. Mzazi mmoja kamhamisha mtoto, na sidhani alikuwa mkorofi, anaogopa usaili wa darasa la kwanza huko anakotaka kumpeleka, na huo usaili upo kweli. Tumekubaliana ukurasa mmoja wa kuandika kila Ijumaa kwa wakubwa, na kwenye ukurasa huo mwalimu anaandika mstari mmoja wa alichofanya mtoto wiki hiyo kwenye kona. Wazazi wanasoma mstari kuliko ukurasa.

26 Julai: mtumbwi

Tulitumia likizo kuleta mtumbwi. Umechakaa, wa mbao, tuliupata kwa wavuvi kwa 70,000. Kirikuu haikuubeba, ni mrefu, ikabidi kanta kwa 60,000. Fundi 40,000 kung'oa misumari iliyochomoza, kukata mbao zilizooza sakafuni, kutoboa matundu ya maji ya mvua na kuukalisha kwenye mawe usiyumbe. Chini yake na pembeni tumejaza mchanga kama sentimita 30 maana wanaruka kutoka ubavuni. Harufu ya samaki haikutoka kwa sabuni wala kwa majivu, imetoka yenyewe kwa jua.

Watoto waliporudi tulitegemea wavue. Wengine wanavua. Ila kundi kubwa linajenga daraja. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni na nusu yao wamevushwa juu yake na wazazi likizoni, kilomita 3 za kwenda kwa bibi Sengerema bila kusubiri kivuko. Matofali ya mbao yametolewa ndani (tumeruhusu, kwa sheria kwamba yanarudi yakiwa makavu), yamepangwa kutoka jiwe hadi mtumbwi, mtumbwi umekuwa kivuko kilichostaafu. Mmoja ni nahodha, anaita abiria, abiria hawaji wanapita darajani, nahodha kakasirika akaweka kizuizi anatoza hela. Hakuna mwalimu aliyepanga somo hilo. Tulichofanya ni kuongeza matofali ya mara mbili kutoka stoo, maana nguzo zilikuwa zinaishiwa, na kumzuia mwalimu mwenzetu mmoja asiwaonyeshe namna "sahihi" ya kusimamisha nguzo.

9 Agosti: hesabu mpaka leo

Plastiki 420,000. Mchanga wa mara mbili 175,000. Kivuli na marekebisho yake 296,000. Matairi 25,000. Ukingo na mtaro 86,000. Matofali ya mbao kwa jumla, pamoja na yaliyoharibika, 157,000. Makabati 276,000. Vitu vya kona 48,000. Mtumbwi 170,000. Imekuja 1,653,000, imebaki 147,000.

Mtelezo wa plastiki tumeujaribu tena ukiwa chini ya neti, haupati moto sasa, unatumika kama mahali pa kumwagia mchanga na maji kuona kipi kinafika chini haraka. Farasi asiye na sikio ni mgonjwa kwenye kona ya hospitali ambayo hatukuipanga, imejitokeza.

Hela iliyobaki ni ya gata kwenye paa la darasa la pili, ili maji ya mvua za vuli yaingie kwenye simtanki na beseni lisitegemee bomba. Fundi kasema 130,000 na mabano, tunamvuta ashuke. Kama kuna aliyefunga gata za bati la kukunja badala ya zile za plastiki kwenye upepo wa huku, naomba bei na zimedumu muda gani.